Bwana Afya na Bwana Msa: Mtumishi wa Serikali Alivyogeuka Mtunzi

Utangulizi

Jina la Muhammed Said Abdulla halitajwi darasani bila kufuatiwa na jina la Sherlock Holmes. Ndivyo wengi wetu tulivyofundishwa. Bwana Msa ana kiko mdomoni, ana rafiki yake Najum wa kufuatana naye, na ana akili inayofika mbele ya polisi. Basi shauri limekwisha, mwandishi ameiga Waingereza. Mwanafunzi anaandika hivyo kwenye mtihani, anapata alama zake, anakwenda zake.

Mimi nasema shauri halijakwisha. Kiko kinaweza kuazimwa, lakini namna ya kuutazama ulimwengu haiazimwi kirahisi hivyo. Makala haya yanajaribu kuonyesha kwamba kabla ya kuwa mtunzi, Abdulla alikuwa mtumishi wa serikali katika idara ambayo kazi yake ni kuzuia maafa kabla hayajatokea, na kuyachunguza yakishatokea. Kazi hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo iliyozaa fani ya riwaya zake, na maudhui yake pia kwa kiasi kikubwa. Sidai kwamba maisha ya mwandishi yanaeleza kila kitu kilichomo kitabuni. Ninachodai ni kwamba tumeyaruka mno.

Niseme pia tangu mwanzo kwamba mimi ni mzaliwa wa Kagongwa, pale kwenye barabara itokayo Isaka kwenda Kahama, penye mashine za kukoboa mpunga na malori yaendayo Rwanda na Burundi. Nimezisoma riwaya hizi za Unguja kwa macho ya Usukumani. Msomaji ataona baadaye kwa nini nimelitaja jambo hilo.

Historia ya mtumishi

Muhammed Said Abdulla alizaliwa mwaka 1918, akakulia Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja. Alipomaliza shule mwaka 1938 aliingia katika Idara ya Afya ya serikali ya kikoloni akiwa inspekta. Alikaa huko miaka kumi. Mwaka 1948, mwaka uleule wa mgomo mkuu wa wafanyakazi mjini Unguja, aliiacha kazi hiyo na kuwa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Katika miaka iliyofuata alikuwa pia mhariri msaidizi wa Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu. Mwaka 1958 akashika uhariri wa Mkulima, gazeti la mambo ya kilimo, na humo alibaki mpaka alipostaafu mwaka 1968. Alifariki mwaka 1991.

Sasa tuziweke riwaya zake pembeni mwa tarehe hizo. Mzimu wa Watu wa Kale ilipata zawadi ya kwanza katika mashindano ya kuandika hadithi ya mwaka 1957-58, yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau, ikachapishwa mwaka 1960. Kisima cha Giningi ilitoka mwaka 1968, mwaka wa kustaafu. Kisha ndipo mto ukafurika: Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976), na mwishoni Kosa la Bwana Msa (1984). Yaani katika riwaya saba, tano zilitoka baada ya kuagana na ofisi.

Si ajabu katika fasihi yetu mtu wa ofisini kuwa mtunzi. Shaaban Robert mwenyewe aliitumikia serikali ya kikoloni tangu mwaka 1926 hadi 1960, akianzia forodhani na kuishia Idara ya Upimaji. Lakini hatujazoea kujiuliza ofisi ilimfundisha nini mtunzi. Tunaihesabu kama mahali alipopatia mshahara tu.

Kazi ya Bwana Afya

Inspekta wa afya ni nani? Kwa lugha ya mitaani kwetu Tanzania Bara ni Bwana Afya. Ni yule anayefika bila kualikwa, akaomba kuona choo, kisima, jiko, na shimo la taka. Wenye vibanda vya chakula wakimwona kwa mbali wanafunika sufuria. Hatibu mgonjwa, hiyo ni kazi ya daktari. Yeye anauliza swali jingine kabisa: ugonjwa huu umetoka wapi, na kesho utakwenda kwa nani?

Katika visiwa vya Zanzibar swali hilo lilikuwa la kufa na kupona. Kipindupindu cha mwaka 1869-70 kiliua watu wengi sana mjini Unguja, na daktari aliyekuwapo wakati huo, James Christie, aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1876 akiufuatilia ugonjwa kituo kwa kituo, katika njia za misafara na za majahazi. Tauni nayo ilibisha hodi mwaka 1905. Mji unaoishi kwa bandari unapokea kila kitu kiletwacho na bahari, pamoja na panya.

Kisha miaka kumi ya utumishi wa Abdulla, 1938 hadi 1948, iliangukia katika Vita Kuu ya Pili. Zanzibar ilizoea kula mchele wa kutoka nje, na Wajapani walipoiteka Burma mwaka 1942 mlango mmoja mkubwa wa mchele ulifungwa. Serikali ikalazimika kupanga mgao wa chakula na kuwahimiza watu walime mihogo na mazao mengine ya kujikimu. Katika hali kama hiyo mtumishi wa afya hawi mtu wa kukagua vyoo tu. Anakuwa sehemu ya mpango mzima wa kuikinga jamii na njaa na maradhi. Siku hizi tungesema yumo katika kazi ya kukabiliana na maafa, kazi ambayo Tanzania iliitungia sheria mwaka 1990, kisha ikaitungia nyingine mwaka 2015 na 2022.

Hebu tuitazame ripoti ya mkaguzi wa aina hiyo ilivyojengwa. Kwanza kuna tukio: mtu ameugua au amekufa. Pili, mkaguzi anafika mahali penyewe. Tatu, anatazama vitu vidogo ambavyo wengine wamevizoea hata hawavioni tena, kopo lenye maji ya mvua, mfuniko uliopasuka. Nne, anahoji watu, na anajua kwamba watamficha mambo kwa sababu wanaogopa faini au aibu. Tano, anaunganisha. Mwisho anaeleza, kwa maneno ambayo hata asiyesoma atayaelewa.

Msomaji wa Bwana Msa ameshaitambua hiyo ngazi. Ndiyo muundo wa riwaya zake.

Holmes naye alitoka hospitali

Hapa wapinzani wangu watasema: muundo huo ndio wa hadithi zote za upelelezi, sasa Idara ya Afya inaingiaje? Nawajibu kwa kuwarudisha kwa huyohuyo Holmes wao. Arthur Conan Doyle, aliyemtoa Holmes kwa mara ya kwanza mwaka 1887, alikuwa daktari. Kielelezo chake alikuwa mwalimu wake wa Edinburgh, Joseph Bell, aliyesifika kwa kumtazama mgonjwa na kumweleza alikotoka na kazi anayofanya kabla hajafungua kinywa. Na miongo mitatu kabla ya Holmes, mwaka 1854, daktari John Snow alikwishaonyesha mjini London kwamba waliokufa kwa kipindupindu katika mtaa mmoja walikuwa wakinywa maji ya bomba moja la mkono. Wakati huo wakubwa wengi waliamini kwamba ugonjwa unaletwa na hewa mbaya. Snow alihesabu maiti, akauliza maswali nyumba kwa nyumba, akafika kisimani.

Kwa hiyo upelelezi wa kwenye vitabu na uchunguzi wa magonjwa ni watoto wa mama mmoja. Abdulla hakuhitaji kwenda London kumtafuta Holmes. Alikutana na mama yake Holmes kazini Unguja. Kama alisoma vitabu vya Kiingereza, na bila shaka alivisoma, alivikuta vikieleza jambo ambalo mikono yake ilishalifanya.

Tena tuangalie jina. Msa ni herufi za kwanza za Muhammed Said Abdulla. Mwandishi amejiweka mwenyewe hadithini. Na amejiweka vipi? Si kama polisi, maana polisi yupo, Inspekta Seif. Bwana Msa hana pingu wala cheo. Silaha yake ni kuuliza, kutazama na kueleza. Mtu ambaye ameishi miaka kumi akiingia majumbani mwa watu na daftari tu mkononi anajua vizuri udhaifu na nguvu ya silaha hiyo.

Maiti mzimuni

Twende kwenye maudhui. Katika Mzimu wa Watu wa Kale maiti inakutwa mzimuni, mahali ambapo wenyeji wanapaheshimu na kupaogopa. Maelezo yapo tayari kabla ya uchunguzi: mizimu imekasirika. Kisima cha Giningi nayo inabeba jina ambalo kwa mtu wa Unguja linatosha kusimamisha nywele, maana Giningi katika imani za huko ni kwenye makao ya wachawi. Katika vitabu vyote viwili jamii inao mshitakiwa asiyeonekana, asiyeweza kujibu mashitaka. Bwana Msa anakataa kupokea jibu hilo. Si kwamba anawadharau wanaoamini. Anakaa nao, anazungumza nao, anawatania. Ila anang'ang'ania kwamba aliyekufa ameuawa na mtu, na mtu huyo alikuwa na sababu.

Na sababu zenyewe katika riwaya hizi, ukizipanga, ni zilezile: mirathi, ndoa, nasaba, na siri za nani ni mtoto wa nani. Mizimu ni pazia tu. Nyuma ya pazia kuna mali.

Katika miaka ya 1970 wahakiki wengi waliitupa fasihi ya upelelezi katika kapu moja, wakaiita ya kustarehesha tu, isiyo na msimamo. Wakati huo fasihi ilidaiwa ishike upande katika ujenzi wa Ujamaa, na kwa kweli ziko hadithi nyingi za mabastola na wanawake warembo zilizostahili lawama hiyo. Lakini mtu anayeiambia jamii yake "msimsingizie jini, mtafuteni mwenye kufaidika" ameshika upande, tena upande mgumu.

Nilivyomsoma Kagongwa

Nimeahidi kueleza kwa nini naandika kama mtu wa Kagongwa. Nikiwa darasa la tano, mtaani kwetu watoto watatu wa nyumba zinazopakana waliharisha katika wiki moja, mmoja akafa. Kabla ya matanga kuisha jina lilikuwa limeshapatikana. Alikuwa bibi mmoja mjane, aliyebaki na shamba la mpunga la marehemu mumewe, na macho yake yalikuwa mekundu. Hakuna aliyelitamka jina lake kwa sauti. Watu walisema tu, "Tutakwenda kwa nfumu, atatuonyesha."

Bwana Afya akaja na pikipiki. Alimwamkia babu yangu, "Shikamoo, mzee," akaitikiwa, akaomba kuonyeshwa kisima. Akawauliza kina mama maji ya kunywa wanachota wapi, na kama wanachemsha. Akapima kwa hatua kutoka kisimani hadi kwenye choo kilichokuwa upande wa juu. Akaandika. Kisha akatuambia sote tukiwa tumemzunguka kwamba mvua zinaposhuka, uchafu wa kule unakuja huku, na kwamba kisima kifungwe. Kikafungwa. Hakuna mtoto mwingine aliyeugua.

Lakini yule bibi hakungoja. Usiku wa siku ileile alihamia kwa binti yake, mbali, na shamba likalimwa na wengine. Ripoti ya Bwana Afya ilikuwa na mahali pa kuandika kina cha kisima na umbali wa choo. Haikuwa na mahali pa kumwandika yeye.

Jambo hili si la mtaa mmoja. Usukumani wamekuwa wakiuawa vikongwe, hasa wanawake, kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu yakichukuliwa kuwa ushahidi, ingawa kila mtu anajua mwanamke aliyepika kwa kuni na samadi kavu miaka hamsini moshi unamfanya nini. Sheria ya Uchawi ipo tangu mwaka 1928. Sungusungu walipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika wilaya hizihizi za Kahama na jirani zake, walianza kwa kupambana na wezi wa ng'ombe, lakini ramli na tuhuma za uchawi hazikuwa mbali nao. Kisha ikaja biashara ya kishetani ya viungo vya watu wenye ualbino, katika ukanda huu wa dhahabu ambamo mchimbaji anaahidiwa kuwa bahati inanunulika. Mwezi Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyokaa Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mtoto mwenye ualbino. Mwaka 2015 serikali ikapiga marufuku wapiga ramli.

Ukiyatazama mashauri mengi ya vikongwe, unakuta yaleyale ya Bwana Msa: mjane ana shamba, ana ng'ombe, au ana nyumba, na yuko mtu anayezingoja. Ramli inatoa jina ambalo mwenye tamaa alikuwa nalo mfukoni tangu zamani. Ndiyo maana nilipoifungua Mzimu wa Watu wa Kale kwa mara ya kwanza, sikuona hadithi ya kuigwa kutoka Uingereza. Niliona mtaa wetu, na safari hii kulikuwa na mtu aliyeuliza swali la pili.

Nadhani hapa ndipo penye kiini cha safari ya kutoka ofisini kwenda kwenye utunzi. Idara inaweza kukifunga kisima. Haiwezi kuufunga mdomo wa mtaa, kwa sababu fomu yake haina safu ya uvumi, hofu na tamaa ya shamba la jirani. Riwaya inayo. Inaweza kuuweka uvumi mbele ya msomaji, imwache auamini kwa kurasa mia, kisha imwonyeshe kwa upole kwamba na yeye alikuwa karibu kumhukumu asiyehusika. Msomaji akishafanyiwa hivyo mara moja, ataona haya kidogo siku atakapoambiwa twende kwa nfumu.

Pingamizi

Lipo pingamizi ambalo siwezi kulikwepa. Wapo watakaosema kwamba akili hii ya ukaguzi ilikuwa ya mkoloni. Wana hoja. Usafi ulitumika kugawa miji ya Afrika Mashariki katika mitaa ya Wazungu, Wahindi na Waafrika, na Ng'ambo ya Unguja ilitazamwa na maofisa kama tatizo la kurekebishwa kabla ya kutazamwa kama mahali wanapoishi watu. Hata hapa Shinyanga, ambako serikali ya kikoloni iliweka makao ya utafiti wa mbung'o chini ya Swynnerton, wananchi walifyekeshwa mapori, na kwingine magharibi mwa Tanganyika walihamishwa vijiji kwa sababu ya malale. Ugonjwa ulikuwa wa kweli, na amri nazo zilikuwa za kweli.

Hata hivyo tutenganishe swali na amri. Amri ya mkoloni ilisema, "Hameni." Swali la mkaguzi lilisema, "Maji haya yametoka wapi?" Abdulla alipotoka idarani aliiacha amri huko, akaondoka na swali. Bwana Msa hamwamrishi mtu kitu. Na swali lenyewe analiuliza kwa Kiswahili cha Unguja, chenye methali, mizaha na adabu zake, kati ya watu anaowajua kwa majina ya baba zao. Hapo si mali ya mkoloni tena.

Udhaifu mmoja nitaukubali. Riwaya zake zinamtafuta mtu mmoja mwenye hatia, na akishapatikana mambo yanatulia. Mtaa wetu haukuwa na mtu mmoja mwenye hatia. Aliyekalia shamba la bibi alikuwa mmoja, lakini tulionyamaza tulikuwa wengi, na babu yangu alikuwa miongoni mwetu. Hilo ni jambo ambalo mtunzi mwingine, labda wa kutoka kwetu, bado ana deni la kuliandika.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba Muhammed Said Abdulla hakuanza mwaka 1958 alipopata zawadi, bali mwaka 1938 alipopewa daftari la ukaguzi. Miaka kumi ya Idara ya Afya ilimpa ngazi ya kujengea visa vyake, ilimpa mpelelezi asiye na bunduki, na ilimpa ukaidi wa kukataa jibu lililo tayari. Uhariri wa magazeti ukampa ulimi wa kuzungumza na mkulima wa kawaida. Kustaafu kukampa nafasi.

Tunapomfundisha, tusiishie kwenye kiko. Tuwaulize wanafunzi nani alifaidika na kifo kile, na nani alisingiziwa. Ni maswali mepesi darasani. Kule kwetu, likiulizwa kwa wakati, swali hilo linaweza kumwachia bibi shamba lake na kitanda chake.